Mugomba Ulioota Mifupa

Nilipowaacha juma lililopita, jembe lilikuwa bado mkononi mwangu na mdomo wangu ulikuwa wazi.

Kwa yule aliyekosa gazeti, au aliyelikuta sokoni limekwisha kufungiwa karanga, nakumbusha kwa kifupi. Mwaka ni 1974. Nimekwisha kufukuzwa kwenye kiwanda cha magome ya kinini kwa kuuliza swali moja mbele ya watu. Nimekwisha kulala kashoti, yaani mahabusu, kwa kuuliza la pili. Leo kila mtu ana chama chake na kila chama kina wimbo wake. Wakati ule chama kilikuwa kimoja, wimbo mmoja, na Jumamosi ilikuwa ya salongo: kazi ya bure ya lazima, tena unaifanya huku unaimbishwa kwamba umefurahi.

Jumamosi ile tulikuwa tunachimba barabara mpya pale Kasha, mtaani kwetu. Barabara ikafika juu ya kaburi la kaka yangu Donatien.

Sasa, Donatien hakuwa ndani ya kaburi lile. Wenyeji wote wa Kasha walijua.

Mwaka 1967, wakati wa vita ya mamluki, wanajeshi walimkamata awabebee masanduku. Walimkamata pamoja na rafiki yake Léopold. Léopold akarudi peke yake, na koti la Donatien mkononi. Akasema kaka yangu ameteleza kwenye mto, mbele ya Bunyakiri, njia ya Hombo, na maji yamemchukua.

Maiti hakuna. Na sisi Bashi, mtu akifia mbali na maiti isionekane, hatumwachi hivi hivi atangetange. Tunakata mugomba, shina la ndizi lenye urefu wake. Tunalivika nguo yake, tunalifunga kwenye mkeka, tunalilia, tunalizika. Baada ya hapo mtu amekufa, basi. Mke wake yuko huru. Shamba lake lina mwenyewe mwingine. Na yeye, hata akirudi na nyama yake na damu yake, hapiti mlangoni mpaka wazee wafukue ule mugomba na kuutupa ziwani. Kabla ya hapo, anayebisha hodi si mtu. Ni muzimu.

Mugomba wa Donatien niliukata mimi mwenyewe, nyuma ya jiko la maman. Niliuvika koti mimi na Tonton Firmin, mdogo wake marehemu baba. Georgette, mke wa Donatien, alikaa kwa maman muda, kisha akaolewa na huyo huyo Léopold. Shamba la Nyantende, ambalo baba alilitolea kwa mwami, chifu wetu, ng'ombe wa kalinzi, ile ada ya ardhi, likaenda kwa Tonton Firmin, kwa kuwa Donatien hakuacha mtoto. Sikugombana. Nilikuwa nagombana na serikali, nikaona sina nafasi ya kugombana na ukoo.

Na sasa jembe langu lilikuwa limeinua mfupa wa mguu wa mtu.

"Papa Isidore, nini iko pale?" aliuliza Xavier, Mrega wa Mwenga aliyehamia kwetu juzi juzi.

"Mufupa."

"Sasa unashangaa nini? Kaburi iko na mifupa. Ulitaka upate samaki?"

Watu wakacheka. Lakini Maman Valérie, jirani yetu, alitupa kikapu chake cha udongo akapiga ukelele ambao naamini ulisikika ng'ambo ya ziwa.

"Hapana! Apa tulizikaka mugomba! Mi nilikuwaka apa, nililia na macho yangu yote! Mugomba, munasikia? Mutu hakukuwaka!"

Majembe yakaanguka. Wenye miguu myepesi walikuwa wamefika barabara ya Bagira kabla hajamaliza.

Tonton Firmin ndiye aliyeruka ndani ya shimo. Mzee yule, na mapafu yake mabovu! Akasimama juu ya mifupa, akakohoa kile kikohozi cha ukoo wetu: kikavu, mara mbili, halafu mluzi mdogo mwishoni. Baba alikufa nacho. Tangu baba afe, Tonton akikohoa uani, maman hugeuza kichwa kwanza, ndipo akumbuke.

"Muujiza!" alipaza sauti Tonton. "Ndugu zangu, muujiza! Mugomba umeota mifupa!"

Neno hilo likachukuliwa kama moto unavyochukua nyasi. Mugomba umeota mifupa. Mugomba umegeuka mtu.

"Sasa kasiksi yenye tunakunywa," mmoja akasema nyuma yangu, "ni pombe ya ndizi ao ni damu ya batu?"

"Ndiyo maana inakulewesha mbio," mwingine akamjibu. Lakini alikuwa anarudi nyuma.

Mimi sikucheka. Mimi niliinama kutazama.

Mfupa ule ulikuwa wa mguu wa kushoto, chini ya goti. Katikati ulikuwa na fundo, kubwa kama kokwa la avoka, na kutoka pale ukapinda kidogo kwenda nje.

Donatien alipokuwa mtoto alianguka kutoka juu ya lori la magome. Mganga wa viungo wa Nyantende akamfunga mguu kwa matete. Ukaunga vibaya. Tulilala kitanda kimoja mimi na yeye mpaka nilipobaleghe, na fundo lile lilinigonga kwenye paja kila alipogeuka. Ningelijua gizani. Ningelijua kwa kidole kimoja.

Nikatazama tena. Chini ya mbavu, ndani ya udongo mweusi wa shina lililooza, viliniangalia vifungo vya koti. Chini ya mbavu, nasema. Koti tuliuvika mugomba. Basi mugomba ulikuwa chini, na mtu alilazwa juu yake. Juu, bila mkeka, bila nguo nzuri, na sandali moja ya tairi mguuni. Na fuvu, kwa nyuma, lilikuwa na ufa.

Kaka yangu hakuchukuliwa na maji. Kaka yangu alirudi nyumbani. Akafika Kasha. Na hapa Kasha mtu mmoja akamlaza ndani ya kaburi lake mwenyewe, kwa kuwa alijua ni kaburi lisilo na mtu, na kwamba hakuna mjinga atakayefukua shina la ndizi.

Nilitaka kupiga kelele.

Mkono wa Tonton ukashuka na blanketi alilokuwa amejitanda mabegani, ukaifunika mifupa.

"Usiangalie, mutoto," alisema polepole. "Kitu ya muzimu haiangaliwake."

Ndipo Léopold akafika, na filimbi yake shingoni, abacost, ile suti ya chama, imefungwa hadi kooni ingawa jua lilikuwa kali. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa chama pale Kasha. Tangu walipokataza majina ya wazungu alitulazimisha kumwita Citoyen, yaani Raia, Murhula, lakini kinywani mwangu alibaki Léopold.

"Nani amesimamisha kazi? Nani..."

Akatazama ndani ya shimo. Pembe ya blanketi ilikuwa haijafika mguuni. Mtu mweusi yule akawa kijivu kama jivu la makaa.

"Funikeni," alisema. "Funikeni mara moja! Muko nangojea nini?"

Nikasema moyoni: nimekupata.

Maana kuna jambo sijawaeleza. Léopold ndiye aliyeichora barabara ile mara ya kwanza, na aliichora ikiwa imepinda. Ilizunguka mahali pale kama mtu anayekwepa mavi. Nani aliyesimama kwenye mkutano, mbele ya commissaire wa zone, mkuu wa wilaya, akapiga kelele kwamba barabara ya raia inapindishwa ili ipite kando ya mashamba ya wakubwa? Mimi. Nani alibebwa mabegani siku ile? Mimi. Commissaire, mtu wa mbali aliyesema Lingala na kuogopa kuchekwa, akaamuru kamba ivutwe na barabara inyooke.

Kaburi la shina la ndizi sikulihesabu; nilikuwa nimejivuna juma zima. Kumbe nilikuwa naonyesha jembe njia ya kwenda kwa kaka yangu. Na sasa nilielewa, ama nilidhani nimeelewa, sababu ya Léopold kuipindisha.

Habari ilifika Bagira kabla ya chakula cha mchana. Kadutu ikapata habari ya pili, kwamba mifupa ina majani. Jumapili, baada ya misa, watu wa Nyantende walikuwa wanashuka kwa mistari kama wanakwenda sokoni, na wao walikuwa na habari ya tatu: kichwa kimekutwa kimebeba mkungu wa ndizi mbivu, na anayekula mmoja anaota habari za wafu wake. Mwanamke mmoja alinieleza mimi, mimi niliyekuwa na jembe, kwamba aliyechimba ametoka kipofu.

"Kipofu kabisa?" nilimuuliza.

"Kabisa, papa. Nimemuona na macho yangu."

Gazeti la mjini liliandika kipande kidogo, chini kabisa, baada ya mpira: "Tukio lisiloelezeka huko Bagira." Padri akasema tusali rozari na tuache ujinga. Mchungaji akasema ni mwisho wa dunia. Commissaire akasema ni mkono wa maadui wa mapinduzi. Kila mmoja alipata ndani ya mifupa ya kaka yangu kile alichokuwa anakitafuta siku zote.

Mifupa yenyewe ilikuwa imefungwa ndani ya blanketi, chini ya meza, kwenye ofisi ya chama. Vijana wa chama waliwekwa kuilinda. Walikuwa wanailinda kutoka nje, ng'ambo ya barabara, migongo ukutani.

Jumatatu asubuhi ikasomwa amri: kesho yake mifupa itachomwa moto mbele ya watu wote, ili ushirikina ukome.

"Commissaire amesema vizuri," aliniambia Tonton Firmin. "Moto unasafisha. Tutapumua."

"Tonton, na kama ni mutu?"

"Mutu gani? Weye mwenyewe ulikataka ile mugomba." Akakohoa, akaning'iniza kiko mdomoni. "Isidore, mudomo yako imeshakufukuzisha kazi. Isitufukuzishe na dunia."

Sasa niwaambie ukweli kuhusu hofu. Nimesimama mbele ya makamanda nikawaambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Hofu ile ni ya mbele: unamwona anayekutisha. Hii ilikuwa ya pande zote. Aliyemuua Donatien alinunua chumvi mahali ninaponunua. Alinisalimia. Tangu Jumamosi sikunywa maji ambayo sikuyachota mwenyewe. Nilitembea nimeelekeza mgongo ukutani kama wale vijana wa chama. Mtoto alidondosha sufuria nyuma yangu, nikajikuta nimepiga magoti.

Nikisema ninalolijua, wataniuliza ninalijuaje, na Léopold ndiye mwenye filimbi, ndiye mwenye funguo za kashoti. Nikinyamaza, kesho kaka yangu anachomwa kama takataka, na hana kaburi tena hata la uongo.

Nikaamua kusema. Nikavaa shati langu jeupe, lile la kukamatwa nalo, nikateremka kwenda ofisi ya chama nimtaje Léopold mbele ya umati.

Sikufika. Kwenye bomba la maji, mwanamke aliweka ndoo yake katikati ya njia.

"Shemeji, simama."

Alikuwa Georgette.

"Mimi si shemeji yako tena," nilimwambia. "Ondosha ndoo."

"Hm! Kumbe siku unakosa chumvi njo mi niko shemeji, siku unavaa shati mweupe siko tena." Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Unaenda kumutaja Léopold. Usikatae, uso yako inasema yote."

"Bwana yako alipindisha barabara. Alijua nini iko mule."

"Mimi njo nilimuombaka apindishe."

Nikasogea karibu nimsikie vizuri.

"Mimi, Isidore. Kila mwaka siku ya wafu ninaendaka pale na maua. Najua, ni mugomba. Nilijua tangu zamani. Lakini njo kaburi yenye niko nayo. Nilipiga magoti mbele ya bwana yangu, ju ya bwana yangu wa kwanza, na hakunikatalia. Aliogopa commissaire, lakini alipindisha. Halafu weye ukakuja na makelele yako, bakakubeba juu."

Ndugu msomaji, mimi nimepigwa kiboko, nimepigwa kitako cha bunduki, lakini maneno yale yaliniuma zaidi. Nilikuwa nimeupiga vita wema mmoja tu ambao mtu yule aliufanya maisha yake yote.

"Lakini aligeuka rangi," nilisema. "Nilimuona. Alipoangalia mule, aligeuka rangi."

"Ju aliona mguu!" Machozi yakamtoka bila uso kukunjamana. "Balicheza mpira pamoja tangu utoto, asijue ile mguu? Amerudi kwa nyumba akatapika. Aliniambia: Georgette, nilimuona na maji ilimubeba, naapa, nilishika koti yake ikabaki mu mukono yangu. Sasa amefika Kasha namna gani? Hajalala. Anaogopa kuliko weye. Kesho batamuambia: njo weye ulileta habari ya uongo, ukachukua na bibi yake."

Akaisogeza ndoo yake chini ya bomba, maji yakaanza kuingia.

"Anakuita," alisema. "Leo jioni, bakienda kushusha bendera, ataacha mulango ya ofisi wazi. Ukuje ubebe kaka yako. Kesho atachoma ile blanketi na mifupa ya mbuzi, commissaire hatajua. Lakini Isidore..."

"Nini?"

"Muulize maman kwanza. Kuna siku moja. Nilikuwa nikingali kwa maman, mbele niolewe tena. Mvua ya mawe ilinyesha mchana, nilijificha sokoni mpaka ikaisha. Kurudi, nikamukuta maman ameegemeza kinu kwa mulango. Kinu yote, peke yake. Nikamuuliza ni nini, akasema: upepo." Akainua ndoo. "Ile siku hakukuwa na upepo."

Maman alikuwa anachagua maharagi, ungo magotini, mlango wazi kwa ajili ya mwanga. Macho yake yalikuwa yameanza kuzibwa. Alichagua kwa vidole.

"Ni weye, Isidore? Kaa. Tonton yako amepita, alikuwa anakutafuta. Amesema atarudi."

Nikakaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

"Maman, Jumamosi..."

"Najua. Batu bote banasema. Mugomba umeota mifupa." Akatupa maharagi mabovu chini, kuku wakakimbilia. "Ulikuta mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Wenye fundo?"

Habari ya fundo sikumwambia mtu yeyote. Wala Georgette hakuwa amekuja pale.

"Maman, nani amekuambia?"

"Haiko mutu. Mi nilingojea tu." Vidole vyake vikaendelea. "Alikuja, papa. Ule mwaka baada ya mugomba. Mvua ya mawe ilikuwa inanyesha, mchana, sikuona kitu inje. Nikasikia: hodi. Nikasema karibu. Nikasikia: maman, ni miye, Donatien."

Nje kuku walikuwa wanagombania harage moja.

"Nikafunga. Nikaegemeza kinu. Ungefanya nini weye? Tulishamulilia. Tulishamulaza. Wazee hawakufukua kitu. Anasema: maman, fungua, niko nasikia baridi, nimetoka mbali, mguu inaniuma. Eh, Isidore! Mi nikajua muzimu inakumbuka hata mguu yake. Nikaogopa zaidi."

"Maman..."

"Ngoja. Alipiga mulango pole pole, hapana kwa nguvu. Mutoto yule hakukuwa na nguvu ya kupiga mulango hata akiwa muzima. Nikamuambia: Donatien, tulikulilia muzuri, hatukukukosea kitu. Rudi mahali tulikulaza. Rudi, mutoto wangu."

"Na yeye?"

Vidole vyake vikasimama juu ya ungo.

"Akasema: ndiyo, maman."

Nilishika ukingo wa kiti. Alikuwa mzima. Alikuwa mzima, ana baridi, amekanyaga msitu wote wa Hombo kwa sandali za tairi na ule mguu, amefika kwenye mlango huu, mlango huu niliokaa karibu nao, na maman yake akamwambia arudi kaburini. Na mtoto yule hakuwahi kumkatalia maman neno.

"Mbona hukusema? Miaka yote hii, maman!"

"Niseme nini? Wafu bakipita, munaitisha mukutano?" Alinigeuzia macho yake yenye ukungu. Hayakuwa na machozi. Yalikuwa na amani, na amani ile ndiyo iliyonitisha kuliko yote. "Na hakuenda peke yake. Kama angeenda peke yake, singelala mupaka leo. Baba yenu alikuja kumuchukua."

"Baba gani?"

"Baba yenu. Bwana yangu. Nilimusikia pale pale inje, mbele ya mulango, mu mvua."

"Maman, baba alikuwa amekufa zamani."

"Njo nakuambia! Njo nilijua kama yote ilikuwa ya mizimu. Nilisikia sauti yake, anamuambia Donatien: kuja, mutoto, mi nitakupeleka. Bakaenda, bote bawili, upande wa kaburi. Nikasema, Mungu asante, mutoto wangu ameshikwa mukono na baba yake."

"Sauti..." Nilimwinamia. "Maman, mvua ya mawe inapiga bati. Ulijuaje kama ni sauti ya baba?"

"Hapana sauti, papa. Kikohozi."

Nilikuwa nasikia viatu kwenye kokoto za uani. Vilikuwa vinakuja taratibu, vya mtu asiye na haraka, mtu wa nyumbani.

Kisha kikohozi. Kikavu, mara mbili, halafu mluzi mdogo mwishoni.

Maman aliinua kichwa kutoka kwenye maharagi yake, akatabasamu kama msichana.

"Kama vile," alinong'ona. "Unasikia? Kabisa kabisa kama vile."

"Hodi," ikasema sauti ya nje.

Na aliyekuwa karibu na mlango ni mimi.